Mbuzi Huyu, Mbuzi Hii

Nilipopangiwa kazi Songea, mama yangu kule Tanga aliuliza swali moja tu: "Huko nazi zipo?" Nikamwambia sijui, nikifika nitamjulisha. Nilipofika nilizikuta sokoni, chache, bei imechangamka kidogo kwa sababu ya safari, lakini zipo. Nikampigia simu akatulia. Kwake yeye, mahali penye nazi mtoto wake hawezi kupotea.

Shule yangu iko Mshangano, pale mji unapoishia na mahindi kuanza. Nilipewa darasa la tatu, somo la Kiswahili. Darasani walikuwemo watoto wa watumishi waliohamia kutoka Mbeya na Mwanza, watoto wa wafanyabiashara, na watoto wa wakulima ambao nyumbani kwao kinazungumzwa Kingoni, Kimatengo au Kiyao. Wengi wao Kiswahili walikuwa wanakivaa asubuhi pamoja na sare, na jioni wanakivua.

Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Kila niliyemsimamisha alisoma bila kukwama, kwa sauti ya kuimba, kichwa kikienda mbele na nyuma. Nikasema moyoni, mwalimu aliyenitangulia amefanya kazi. Siku moja nikawa napita katikati ya madawati, na mtoto mmoja akiwa anasoma habari ya safari ya sokoni, nikamfunulia kurasa kadhaa mbele, hadi kwenye habari ya kipindupindu. Hakushtuka. Macho yake yakahamia kwenye ukurasa mpya, na mdomo wake ukaendelea kununua vitunguu.

Nikawajaribu wengine, hali ikawa ile ile. Walikuwa wameshika kitabu kizima kama wimbo. Ukiuliza neno "shehena" maana yake nini, darasa zima linanyamaza, si kwa kuogopa, bali kwa mshangao kwamba neno linaweza kuulizwa. Kwao neno lilikuwa kitu cha kusema tu, kikishasemwa kimekwisha.

Nilijaribu njia nilizofundishwa chuoni. Niliandika msamiati ubaoni na maana zake, wakanakili kwa mwandiko mzuri, kesho yake wakaikariri na maana yenyewe. Sasa walikuwa na nyimbo mbili.

Kilichotubadilisha wote kilitokea kwa bahati. Ilikuwa baada ya mapumziko ya saa nne, watoto wameshakunywa uji, na usingizi unawanyemelea. Ili kuwaamsha nikaanza kuwasimulia utoto wangu. Nikawaambia kwamba kwetu kila Jumapili mama alikuwa anapika wali, na kazi yangu mimi ilikuwa kukalia mbuzi, nikakuna nazi mpaka mkono uchoke.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajaribu kujizuia akashindwa, na darasa zima likalipuka. Mwalimu alikuwa anakalia mbuzi! Mwingine akaanza kulia kama mbuzi. Mimi nilisimama pale nikiwa sielewi nimesema nini cha kuchekesha, mpaka nikamwona mtoto mmoja wa kike, dawati la dirishani, amenyoosha kidole.

Mtoto huyo sikuwahi kusikia sauti yake isipokuwa katika kuitikia jina. Alikuwa anaishi na bibi yake, mama yake akifanya kazi Madaba. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kingoni, na wenzake walishamcheka mara kadhaa, kwa hiyo akaamua kunyamaza. Sasa kidole kilikuwa juu.

"Mwalimu," akasema, "mbuzi hakuwa analia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikacheka mimi zaidi ya wao, mpaka nikashika meza. Nikachukua chaki nikachora ubaoni kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, nikawaambia huyu ndiye mbuzi wangu, hali majani, hana mkia, na nazi inakunwa hapa kwenye meno. Wachache waliokuwa wanaijua wakapiga kelele kwamba kwao ipo. Wengine wakatazama mchoro ule kama watu waliodanganywa.

"Lakini kwa nini inaitwa mbuzi?" akauliza yule binti tena. Sasa wenzake hawakumcheka, walikuwa wanangoja jibu.

"Sijui," nikasema. "Wewe unadhani kwa nini?"

Akafikiri. "Labda kwa sababu ina miguu minne na meno."

"Na sisi tunakaa juu yake," akasema mwingine.

"Basi na dawati nalo liitwe mbuzi!" akasema wa tatu, na kipindi kikaisha bila mtu kuona.

Jioni ile nikampigia mama. Nikamweleza, naye akacheka, kisha akaanza kuwahurumia watoto wa watu wasiojua mbuzi. Haikupita muda akanitumia ya kwake kwa basi, ameifunga kwenye kanga kuukuu. Nilipokwenda stendi kuichukua, kijana wa vifurushi alikuwa ananisubiri kwa hamu.

"Mwalimu, hapa imeandikwa mbuzi. Nimeuweka mzigo kando usibanwe. Mbona haulii?"

Nikaufungua mbele yake. Sijui kati yetu nani alicheka zaidi.

Siku niliyoipeleka darasani, watoto walipanga foleni kuikalia, mmoja mmoja. Nilikuwa nimenunua nazi, kila mtu akakuna kidogo, na tui lake tukalitia kwenye uji wa mapumziko. Kisha nikawaambia waandike sentensi moja kuhusu walichokiona. Sentensi yoyote, lakini isiwe ya kitabuni wala ya jirani. Walihangaika. Wengine waliuma kalamu muda mrefu. Yule binti wa dirishani alinyanyuka kabla ya wote akaniletea yake, ameandika na kufuta mpaka karatasi imetoboka.

Aliandika hivi: "Mbuzi huyu anakula majani mbuzi hii inakula nazi."

Nikaisoma mara mbili. "Kwa nini umeandika huyu, halafu hii?"

"Mbuzi wa bibi yuko hai. Ya kwako haiko hai." Akaniangalia usoni kuona kama amekosea. "Nikisema mbuzi hii, bibi atajua siyo wa kwake."

Mimi nilisoma ngeli za nomino chuoni, nikafanyia mtihani, nikafaulu. Sikuwahi kuziona zikichomoza zenyewe kwenye kichwa cha mtoto. Nilimwomba asimame awasomee wenzake. Akasoma, si kwa kuimba, ila kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa habari. Kisha nikaliuliza darasa: kuna maneno mengine ya namna hii? Neno moja, lakini ukisema "huyu" ni kitu kimoja, ukisema "hii" au "hili" ni kingine?

Siku hiyo hawakupata hata moja, lakini kesho yake walinisubiri langoni. Walikuwa wameuliza majumbani, wameuliza njiani, mmoja alimuuliza fundi baiskeli mpaka akafukuzwa. Ndege huyu, ndege hii. Kaa huyu wa mtoni, kaa hili la moto. Paa huyu wa porini, paa hili la nyumba. Mwingine akaja na sentensi nzima aliyoitengeneza na dada yake: "Nimekaa nikaona kaa amekaa kwenye kaa." Tukaiandika ubaoni, na kwa siku kadhaa tulikuwa tunaingia darasani kwa kuisema haraka haraka mpaka ndimi zinajikwaa.

Neno lililopendwa kuliko yote lilikuwa kiboko. Kuna kiboko huyu wa Mto Ruvuma, na kuna kiboko hiki cha ofisini. Mwalimu wa hisabati, mwenzangu kutoka Kagera, mtu mrefu mwenye sauti nzito, ndiye aliyekuwa anasimama langoni asubuhi na fimbo akiwangoja wachelewaji. Asubuhi moja yule binti alichelewa kwa sababu ya kuteka maji. Mwalimu akainua fimbo.

"Unaijua hii ni nini?"

"Shikamoo mwalimu. Ni kiboko hiki," akajibu. "Kiboko huyu angekuwa mkubwa zaidi."

Mwenzangu alinisimulia mwenyewe, ofisini, huku akipangusa macho. "Nilitaka kumchapa nikashindwa. Utamchapaje mtoto anayekusahihishia fimbo?" Tangu hapo akawa anapitia dirishani kwangu kusikiliza, akijifanya anatafuta chaki.

Mambo yakaanza kusambaa yenyewe. Tulichukua pembe moja ya darasa, tukatandika mkeka, tukaweka vitabu vya hadithi ambavyo vilikuwa vimefungiwa kabatini visichafuke. Kila siku kabla ya kengele ya mwisho niliwasomea kidogo. Waliniomba pia tucheze kinyume, ule mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuipeleka mbele. Walikuwa wanaucheza uwanjani bila kujua kwamba ni masomo. Nikawaambia tuuandike. Kitabu kikawa "bukita", ugali ukawa "liuga", na mimi nikawa "mumwali". Ili ukiandike kinyume lazima kwanza ujue silabi zinapokatika, na watoto ambao nilihangaika nao miezi kuwafundisha silabi wakawa wanazikata kama miwa.

Bibi wa yule binti alikuja shuleni katikati ya juma. Mama mtu mzima, ana kitenge kichwani na jembe bado mkononi, ametoka shamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kiti.

"Mwalimu, mjukuu wangu halali wala hali. Anauliza. Kwa nini ugali unasongwa na wali hausongwi. Kwa nini mji wetu unaitwa Songea, ni kwa sababu tunasonga ugali? Kwa nini hapa panaitwa Mshangano, watu walishangaa nini? Mimi nitayatoa wapi majibu?"

Nikaanza kumwomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sijaja kulalamika. Nimekuja kukuambia yule mtoto alikuwa haongei. Tangu mama yake aende Madaba alikuwa haongei kabisa, hata nyumbani. Sasa ananichosha." Akaweka jembe begani. "Aendelee kunichosha hivyo hivyo."

Akaondoka kurudi shambani.

Si kila mzazi aliyeona hivyo. Baba mmoja, mkulima wa tumbaku aliyehamia kutoka upande wa Namtumbo, alikuja na kanzu yake safi ya Ijumaa, uso umekunjamana. Mwanawe alikuwa mmoja wa wachangamfu zaidi darasani. Alinikuta mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na hakutaka tuingie ndani.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini jana mwanangu amesimama mbele yangu akaniambia, 'Baba, kanata jima.' Nikamuuliza hiyo lugha gani, akacheka. Mimi nimemleta hapa asome, wallahi, sikumleta ajifunze maneno ya wachawi."

"Alikuwa anataka maji, mzee," nikasema. "Kanata ni nataka. Jima ni maji."

"Sasa maji hayana jina lake?"

Mwalimu mkuu, mama mpole anayependa mambo yaende kwa ratiba, alitusikia akatoka. Alimtuliza yule baba, kisha akaniita ndani. Akasema haoni ubaya wa michezo yangu, lakini mitihani iko karibu, na wazazi wakianza kuongea hatuwezi kuwanyamazisha. Akaamua: vipindi vya darasani vifuate kitabu. Mkeka, hadithi na kinyume vihamie Ijumaa, baada ya masomo, kwa mtoto anayetaka mwenyewe.

Nilikubali kwa mdomo, moyo ukiwa mzito. Nani atabaki shuleni Ijumaa jioni kwa hiari yake? Mtoto wa Mshangano akitoka shule ana maji ya kuteka, mdogo wake wa kubeba, na msimu ule kulikuwa na kupalilia.

Ijumaa ya kwanza mvua ilianza mchana na haikutaka kukoma, ile mvua yetu ya huku inayonyesha kama imelipwa kwa siku nzima. Kengele ikapigwa, watoto wakatimka kwenda kwao. Nikabaki darasani peke yangu, nikakunja mkeka ili nao usilowe. Mwalimu wa hisabati akachungulia akasema, "Pole, wiki ijayo labda."

Kisha nikaanza kuwaona. Walikuwa wanarudi. Walikwenda nyumbani kwanza, wakateka maji, wakaaga, na sasa wanakuja wakikimbia kwenye matope, kila mmoja amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, kona moja imeingizwa ndani ya nyingine kama kofia ndefu. Hawakuwa darasa zima. Lakini walikuwa wengi kuliko mkeka. Yule binti alikuja na mdogo wa jirani mgongoni. Na mtoto wa yule mkulima wa tumbaku naye alikuja, nyuma yake baba yake mwenyewe ameshika mwavuli.

"Amelia," baba akaniambia pale mlangoni, bila kuniangalia. "Nikaona heri nimlete mwenyewe nione kinachofanyika."

Nikamkaribisha ndani. Akasema atangojea barazani. Lakini upepo ulikuwa unapeleka mvua mpaka barazani, na taratibu akasogea, akasimama kizingitini, kisha akaketi kwenye dawati la mwisho, magoti yamefika kifuani.

Niliwasomea hadithi ya fisi aliyetumbukia kwenye shimo la maji akiwa anakimbiza kivuli chake. Ni hadithi niliyoitunga mwenyewe kwa ajili yao, nikikusudia kuiongeza kila wiki. Kila mnyama anayepita juu fisi anamwita kwa maneno matamu, na watoto walitakiwa kunisaidia kuyatafuta hayo maneno. Sungura ataitwaje ili akubali kutupa kamba? Tembo je? Walishindana. "Ewe mwenye masikio yanayosikia mpaka Njombe!" mmoja akampazia sungura sauti. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi tukaribiane, vichwa vimegusana, nikisoma kwa kupiga kelele. Nilipofika pale sungura anapoinama kuchungulia shimo, giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikafunga karatasi zangu nikasema wiki ijayo.

Watoto wakaguna. Nikawafunika mifuko yao wakatoka. Yule baba alibaki nyuma, anafungua mwavuli ndani ya darasa, anaufunga, anaufungua tena.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "yule fisi atatoka?"

"Sijajua bado, mzee. Tutaona Ijumaa."

"Hujajua vipi na wewe ndiye uliyeandika?"

"Nangoja wanipe maneno."

Akasimama kidogo, akitazama mvua. "Mimi nadhani asimwite sungura kwa kumsifu masikio. Kila mtu anamsifu masikio, ameshachoka. Amsifu akili." Kisha akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Nikamsikia mtoto akimwambia kitu njiani kwa kinyume, na baba akijaribu kulirudia neno lile, akikosea, akirudia tena.

Wiki iliyofuata alikuja bila mvua.

Mitihani ilipita. Siwezi kusema darasa langu liliongoza, halikuongoza. Lilipanda kidogo kwenye kusoma, likabaki pale pale kwenye mengine, na mwalimu mkuu akaridhika kiasi cha kuiacha Ijumaa yetu iendelee. Ninachokumbuka zaidi ni kitu kisichoandikwa kwenye matokeo: msimamizi aliniambia kwamba watoto wangu walikuwa wanasoma maswali taratibu, vidole vikifuata mstari, na wengine walikuwa wanatabasamu peke yao.

Mwisho wa mwaka mama wa yule binti alipata chumba kizuri Madaba, na alikuwa amejifungua mtoto mwingine, akaja kumchukua binti yake. Niliwasindikiza mpaka kituoni. Bibi alikuwepo, hakulia, alikuwa anapanga na kupangua mizigo tu. Binti alinisalimu vizuri, akanishukuru kama alivyofundishwa, kisha akasimama. Nilidhani anatafuta neno la kuaga. Alikuwa anasoma maandishi ya nyuma ya basi, midomo ikicheza.

Niliogopa kwamba huko atanyamaza tena. Madaba kuna baridi na ukungu, hana rafiki, na lafudhi yake ile ile. Kwa miezi sikusikia lolote. Nilikuwa nimeshapata darasa la tatu jingine, nalo linasoma kwa kuimba, nami naanza upya tangu mwanzo, lakini safari hii na wakubwa wa darasa la nne wakija Ijumaa kunisaidia, na baba mmoja mwenye mwavuli kwenye dawati la mwisho.

Juzi juzi simu yangu ikaita, namba ya mama yake. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya binti, kubwa kuliko nilivyoizoea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Madaba kunasemaje?"

"Baridi. Mwalimu, mdogo wangu namsomea kila siku. Hajui kuongea, lakini namsomea. Leo amesema neno lake la kwanza."

"Hongera zenu! Amesema neno gani?"

Nilisikia mtoto mchanga akipayuka karibu na simu, na mama yao akicheka kwa mbali.

"Bado hatujajua maana yake," akasema. "Tunaitafuta."